Wachezaji Wangu Msisome

Mume wangu anasoma mita za maji. Anatembea mtaa kwa mtaa, anafunua vifuniko vya chuma, anaandika namba, anabishana na watu wanaoapa kwamba mwezi mzima hawakuoga. Miguu inafanya kazi ya mwajiri, kichwa kiko huru, na humo kichwani amejenga nchi nzima yenye milima, mito, wafalme na kodi. Hasa kodi. Mtu wa mita hawezi kuunda ufalme bila kuwaza nani analipa nini.

Nchi hiyo tulikuwa tunakwenda wanne kila Jumapili mchana, kwenye saluni ya mdogo wangu, ambaye ni kinyozi. Jumapili hanyoi mtu. Tulilaza ubao wa kupigia pasi juu ya mikono ya viti viwili vya kunyolea, hiyo ndiyo meza yetu, na nyuma ya mume wangu tulitundika taulo kufunika kioo, maana bila taulo tungeziona karatasi zake zote. Siku moja taulo lilidondoka wakati muhimu kabisa. Mdogo wangu alisema ni upepo, na madirisha yalikuwa yamefungwa.

Mchezo wenyewe si mgumu. Mume wangu ndiye msimulizi. Anasema mko mbele ya daraja, kuna mlinzi, amesinzia. Kila mmoja wetu ana mtu wake anayemwigiza, anasema mtu huyo anafanya nini, na jambo likiwa la bahati nasibu tunarusha dadu. Hakuna kete za kusogeza wala mshindi. Nilipomweleza mwenye duka letu la mapazia, ninakoshona, aliniuliza nani hushinda, nikamwambia hakuna. Akaniuliza kama tunalipwa. Nilipomwambia hapana, akarudi kupima kitambaa chake.

Mdogo wangu alikuwa mwizi aitwaye Kidole. Mama Nesi, jirani yetu mstaafu, amechoma watu sindano maisha yake yote, kwa hiyo hakutaka hata kusikia habari ya kuwa mganga. Alikuwa jitu lenye rungu, na rungu hilo alilishusha kwa furaha iliyotutia wasiwasi. Mimi nilikuwa Kovu.

Kovu alikulia katika mji wenye lango moja tu. Usiku wa mafuriko mtu fulani alilifunga lango kutoka ndani, na mdogo wake Kovu akabaki nje. Nani alilifunga? Hilo ndilo lililokuwa swali langu. Kwa miaka mitatu nilizunguka nchi ya mume wangu nikiliuliza kwa wavuvi, kwa mahakimu, kwa wafungwa, na hata kwa mbuzi mmoja aliyesemekana kuwa mchawi. Jibu alikuwa nalo mume wangu peke yake, na nilimkataza asinidokeze hata chembe. Mara moja, tukiwa tunakula, alisema, "Siku ukijua, utalia." Nilimwinua mezani akaoshe vyombo.

Ilikuwa raha ya ajabu kuishi na mtu mwenye siri yako. Nilimtazama amelala, mdomo wazi, nikajisemea kwamba humo ndani mna jibu langu na linanisubiri mimi. Sijawahi kupewa kitu cha namna hiyo na mtu mwingine. Wenzangu wanaletewa viatu na mikufu, na sisemi kwamba nisingevipokea.

Msafara wetu ulikuwa na mtu wa nne, Babu Koti, mzee wa njiani ambaye mume wangu alimwigiza mwenyewe. Babu Koti alikohoa kabla ya kila sentensi na alimwita Kovu mjukuu. Alimfundisha kuwasha moto kwenye mvua. Alimpa koti lake kule milimani akatetemeka yeye. Sauti yake ilitufuata mpaka nyumbani. Asubuhi mume wangu akileta chai, alikohoa kwanza, kisha akasema, "Mjukuu, unywe ingali moto." Nilimpenda mzee yule, sioni haya kusema.

Mambo yalianza kuharibika pale mume wangu alipoamua kuiandika safari yetu na kuiweka mtandaoni.

Aliandika kila Jumatatu baada ya kazi, sura ndefu, zilizopangwa vizuri, na zilizochosha. Nasema hivyo kwa upendo. Sura ya kwanza ilianza: "Upande wa mashariki wa Bonde la Tatu mvua hunyesha haba kuliko upande wa magharibi, kwa sababu ya mwelekeo wa safu ya milima." Iliendelea hivyo mpaka ukafika ushuru wa chumvi. Dadu likirushwa, aliandika limeangukia namba ngapi. Wasomaji wake walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, mmoja wao mimi, na mwingine nashuku alikuwa yeye mwenyewe kwa simu ya kazini.

Sheria ilikuwa moja tu, naye ndiye aliyeiweka. Kinachoandikwa ni kile ambacho tumeshakicheza. Ambacho hakijachezwa ni cha meza.

Kisha mdogo wangu, kwa uchokozi tu, naye akaanza kuandika. Aliandika safari ileile, lakini kwa mdomo wa Kidole, kwenye simu, mteja mmoja akitoka na mwingine akikaa. Sura yake ya kwanza niliisoma nimesimama. "Mlinzi alikuwa na funguo. Sasa ninazo mimi." Ndivyo ilivyoanza. Kidole alipiga chuku bila haya. Daraja ambalo sote tulilivuka kwa kutambaa, yeye alilivuka akicheza dansi, na jitu la Mama Nesi akalibeba mgongoni. Mume wangu aliitwa humo Mzee wa Mawingu, kwa sababu kila kitu alikianzia juu angani.

Watu wakaja. Walianza wateja wake, waliosoma wakisubiri zamu. Wakaja wake zao, kisha watu wa mbali ambao hakuna aliyewajua. Walimwandikia Kidole maoni, walimtungia misemo, mmoja alimchora. Mdogo wangu aliibandika ile picha pembeni ya bei za kunyoa.

Mume wangu alisema amefurahi kwa ajili ya shemeji yake. Alisema hivyo mara nyingi mno. Jioni alikaa na simu, anasoma sura za Kidole, shingo imekaza.

"Anaandika uongo mtupu," aliniambia.

"Ni mwizi, bwana. Ulitaka aandike nini?"

"Siku ya daraja Kidole alikuwa ameumia mguu. Nimeandika. Ipo."

"Ipo wapi?"

"Sura ya tisa. Baada ya ushuru wa chumvi."

Nilimwambia hakuna binadamu aliyefika baada ya ushuru wa chumvi, akanuna mpaka tukazima taa.

Kilichomchoma zaidi kilimkuta kazini. Kwenye nyumba moja alikokwenda kusoma mita, mwenye nyumba alimwona anatazama simu yenye ukurasa wa Kidole, akachangamka, akamuuliza kama naye ni mpenzi wa hadithi ile. Mume wangu akajikaza akasema nchi ile ni yake, ameiunda yeye. Yule bwana akamshika bega kwa huruma. "Aa, wewe ndiye Mzee wa Mawingu," akamwambia. "Pole sana. Lakini bila wewe Kidole angemcheka nani?" Mume wangu alinisimulia habari hii akivua viatu, na alibaki na kiatu kimoja mkononi kwa muda mrefu.

Nilimhurumia, kweli. Lakini nami nilikuwa na kijiba changu cha roho, na sikukisema kwa mtu. Zamani mume wangu alirudi nyumbani na nchi yake akanimwagia mimi jikoni, nikikata vitunguu. Ameona jengo lenye ngazi za ajabu, ataliweka kwenye mji wa mahakimu. Amekutana na mbwa mwenye macho mawili tofauti, atampa malkia. Sasa alirudi akakaa na simu. Alikuwa na msomaji mmoja anayejiita Binti Dirishani, aliyemwandikia maoni marefu kuhusu milima, na mume wangu alimjibu kwa uangalifu, anafuta, anaandika upya. Siku moja nilimwambia gesi imekwisha. Hakusikia. Nilitazama juu ya bega lake nikaona anamweleza Binti Dirishani upepo wa kaskazini. Sijui huyo binti ni nani, ana miaka mingapi, wala kama ni binti kweli. Nilimchukia hivyohivyo.

Tukafika kwenye Jumapili ya mwisho kabla ya lango. Baada ya miaka mitatu msafara ulikuwa umerudi nje ya mji wa Kovu, na mume wangu alikunja karatasi zake akasema, "Jumapili ijayo tutafika langoni." Dadu lilinidondoka. Mama Nesi aliuona mkono wangu akaushika, kwa mazoea ya kazi nafikiri, kama anatafuta mshipa.

Jumatano mdogo wangu alikuja dukani kwetu, mahali ambapo haji kamwe, kwa kuwa anasema harufu ya vitambaa vipya inampa mafua. Alisimama katikati ya mapazia, ana nywele za mteja kwenye mikono ya shati.

"Dada, Profesa ameandika kitu," alisema. Profesa ni mume wangu, anapokuwa hamtanii kwa ubaya.

"Anaandika kila wiki."

"Hiki si cha kila wiki. Wasomaji wangu wote wamehamia kwake tangu jana. Wananiuliza nimeonaje, kama najua. Mimi nimezima, sisomi maoni, sisomi kitu. Juu ameandika wachezaji wasisome." Akajikuna shingo. "Nawe usisome, dada. Nimekuja kukwambia hilo tu."

"Sawa."

"Niahidi."

"Nimesema sawa."

Alikwenda zake anapiga chafya. Nataka nimtendee haki mdogo wangu hapa. Ni mwongo wa kuzaliwa, tangu utotoni, lakini aliufunga ukurasa ule wenye wasomaji wake wote waliomkimbia, asiuone, kwa sababu Jumapili tulikuwa na mchezo. Mimi nilivumilia mpaka saa ya chakula.

Nilikaa nyuma ya mafurushi ya pazia zito, lile la kuzuia jua. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa na maneno: WACHEZAJI WANGU MSISOME SURA HII. Sikuisoma sura. Nilijiambia nitatazama maoni tu, nione wamefika wangapi. Walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona kwake, na aliyetangulia alikuwa Binti Dirishani. "Maskini Kovu," aliandika. "Miaka yote hii anamshika mkono mzee aliyemfungia mdogo wake nje."

Ndivyo nilivyojua. Nilijua kutoka kwa Binti Dirishani, si kwa mume wangu, wala kwa Babu Koti.

Chini yake waliendelea. Mmoja aliuliza Kovu ana upofu gani asione. Mwingine alisema alishashuku tangu habari ya koti. Mwingine akaandika kwamba anatamani awepo Jumapili auone uso wa huyo mchezaji. Huyo mchezaji ni mimi. Walikuwa wananisubiri kama watu waliofika mapema kwenye ukumbi, wameshakaa, wameshajua kila kitu, bado mimi tu. Na mume wangu alikuwa anawajibu. "Nami naisubiri," aliandika. "Hajui lolote."

Sura yenyewe niliisoma baadaye na naomba nikiri kwamba ilikuwa nzuri. Hapakuwa na mvua wala ushuru. Ilikuwa moyo wa Babu Koti kutoka ndani: maji yanapanda, watu wanamsukuma nyuma wakimwambia afunge, na sauti ya mtoto upande wa pili wa mbao. Miaka mitatu mume wangu hakuwa ameandika sentensi moja yenye uhai, na siku alipoiandika, aliiandika kwa kitu changu. Wivu ulinipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka moto. Si wivu wa mwanamke mwingine, maana huo ningejua pa kuanzia. Nilikata pazia la mteja fupi kwa kiganja kizima, mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Sikumwambia mume wangu kitu. Nilitaka aniambie mwenyewe. Nilimpa nafasi kila siku, nikanyamaza kusudi, nikakaa karibu yake, nikamuuliza kazi ilikuwaje na hadithi inaendeleaje. Alikuwa na furaha mpaka inakera. Alipiga mluzi bafuni. Simu ilitetemeka juu ya meza, juu ya kabati, ndani ya mfuko wa suruali iliyotundikwa. Ijumaa alileta chai, akakohoa, akasema, "Mjukuu, unywe ingali moto," nami nikainywa mbele yake nikimtazama, na yeye akatabasamu.

"Jumapili uje na leso," aliniambia.

Jumapili tukaketi. Mdogo wangu alikuwa amefagia vizuri kuliko siku zote na kuhamisha mashine zake za kunyolea ili tupate nafasi. Taulo lilikuwa mahali pake. Mama Nesi alikuja na biskuti akazigawa kwanza, kwa sababu anaamini watu hawapaswi kupokea habari nzito na tumbo tupu.

Mume wangu alisimulia vizuri siku ile, siwezi kumnyima. Alitufikisha langoni jua linazama katika nchi yake. Mbao zilikuwa zimeoza chini, na maji yalikuwa yameacha mstari juu ya kimo cha mtu. Kidole akatangulia kuchungulia, jitu likasukuma, lango likafunguka kidogo. Wakaingia hao wawili. Kovu na Babu Koti wakabaki kizingitini.

"Anakohoa," mume wangu alisema, akakohoa. "Anasema: Mjukuu, subiri. Kuna jambo la kukwambia kabla hatujaingia."

Mdogo wangu aliacha kutafuna. Wakati ule ndipo nilipoona kwamba hakujua kabisa. Uso wake ulikuwa wazi, macho yanatoka kwangu yanakwenda kwa mume wangu. Mama Nesi vilevile, kwani simu yake ni ya kupiga na kupokea tu. Katika meza ile walikuwa wawili ambao bado walikuwa na kile nilichokitunza miaka mitatu, na mimi sikuwa miongoni mwao. Nikawaonea wivu nao pia.

"Kovu anamkatiza," nilisema.

Mume wangu akainua macho. "Anamkatiza?"

"Anamwambia: Najua. Ni wewe uliyelifunga."

Mdogo wangu alisema "He," kwa sauti ndogo. Mama Nesi aliiweka biskuti chini.

Mume wangu alitazama karatasi zake kana kwamba jibu liko pale. "Kovu amejuaje?" aliuliza, bado kwa sauti ya msimulizi.

"Ameambiwa na watu barabarani. Watu wote wa barabarani wanajua. Babu Koti alipita akiwaambia mmoja mmoja, wavuvi, mahakimu, mpaka yule mbuzi. Kovu ndiye wa mwisho." Sauti yangu ilianza kuniponyoka, nikaiacha iende. "Nimesoma, bwana. Jumatano."

"Kusoma nini?" mdogo wangu aliuliza. Kisha akaelewa mwenyewe, akainamisha kichwa.

"Niliandika juu kabisa," mume wangu alisema. "Kwa herufi kubwa. Wachezaji msisome."

"Niliyaona."

"Sasa kwa nini ulisoma?"

"Kwa sababu wewe uliandika."

Alimtazama mdogo wangu, halafu picha ya Kidole iliyobandikwa pale pembeni ya bei, na nikaona yote yakipita usoni mwake: sura za Jumatatu, kiatu mkononi, bega lililoshikwa na mwenye nyumba. "Sikuwa na kitu kingine," alisema. "Cha kuwashinda. Hicho tu ndicho kilichokuwa kizuri."

"Kilikuwa changu."

"Kilikuwa chako," alikubali.

Ningeweza kuishia hapo. Mama Nesi alishaanza kutafuta miwani yake aondoke, kwa heshima, atuachie nafasi. Lakini tulikuwa mezani, lango lilikuwa wazi, na mzee amesimama kizingitini, na zamu ilikuwa yangu.

"Kovu anaingia ndani," nilisema. "Anashika lango."

"Anashika kufanya nini?"

"Analifunga."

Mume wangu alisogeza kiti. "Babu Koti bado yuko nje."

"Najua aliko."

"Usiku unaingia. Mzee yule hana kitu, koti alikupa wewe." Kisha akakohoa, sikutegemea, akaniambia kwa ile sauti, sauti ya chai ya asubuhi, "Mjukuu."

Iliniuma kweli. Mdogo wangu alikuwa analia bila kujificha, mwizi mzima, anajipangusa kwa kitambaa cha kufunika wateja. Niliwaza mlima, na moto kwenye mvua. Niliwaza kwamba nikilifunga lango lile, hakuna mtu atakayeniita hivyo tena, jikoni wala popote.

"Nimelifunga," nilisema. "Na komeo nimetia."

"Hutaki kurusha dadu?"

"Lango halina mlinzi. Mbao mbili na komeo. Hakuna cha kurushia dadu."

Alijua nina haki. Sheria ni zake. Alizigeuza karatasi zake uso chini, moja baada ya nyingine. "Basi mimi nitakuwa nani sasa?" aliniuliza.

"Utakuwa msimulizi. Si una wasomaji."

Mama Nesi aliosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Tulipokuwa tunakunja ubao wa pasi mdogo wangu alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama ya leo anaweza kuiandika. Nilimwambia hapana. Nikamgeukia mume wangu nikamwambia hata yeye.

Tangu Jumatatu wasomaji walianza kuuliza. Kovu amejua? Alilia? Alimwua? Kidole aliwaambia wa kwake kwamba jioni ile alikuwa amelala, mara ya kwanza katika maisha yake kukubali kwamba kuna kitu kilimpita. Mume wangu hakujibu. Alikaa na simu, kidole juu ya herufi, na sikumzuia. Jumanne pia hakuandika. Jumatano Binti Dirishani aliandika maoni matatu, la tatu la hasira, akisema msimulizi hana adabu kuwaacha watu hivi. Nililisoma kazini, nyuma ya mafurushi, nikalisoma tena nikiwa nakula. Yeye hajui na mimi najua. Sikumbuki chakula kingine kilichonishuka vizuri namna ile.

Kufikia Ijumaa walikuwa wanaondoka. Idadi ilipungua, ikapungua, na mume wangu aliitazama inavyopungua, jioni, jikoni, mimi nikikata vitunguu.

"Umefurahi?" aliniuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Ndiyo," nilimwambia, na ilikuwa kweli.

Aliizima simu akaiweka kwenye droo ya vijiko. Alichukua kisu kingine akasimama upande wangu, akakata vitunguu vibaya vibaya, vipande vikubwa. Baada ya muda aliniuliza, Kovu akishalifunga lango, anafanya nini? Anakwenda wapi? Kwa maana hana chochote kilichoandaliwa, alisema, ndani ya mji ule hajaweka hata mtaa mmoja.

Nilikuwa ninajua. Nilikuwa nimeshajua tangu Jumapili usiku, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, na nani anamsubiri Kovu ndani.

"Utajua Jumapili," nilimwambia.

Akaniangalia kwa macho yanayotoka machozi ya vitunguu, na kwa mara ya kwanza nikaona ni yeye anayenionea wivu mimi.